Miti Iliyompisha Rais

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na jina lake siwezi kulitaja kwa sababu linalindwa na sheria. Msomaji akidhani anaijua, hayo ni matatizo ya macho yake, mimi simo. Nilikuwa mtumishi wake tu, na cheo changu kilikuwa kirefu kuliko mshahara: Mshika Kamba Mkuu wa Hatua ya Taifa. Naandika habari hii kwa sababu mke wangu, Ezelina, amefariki, na naona watu wameanza kumkumbuka vibaya. Wanasema alikuwa mpole. Ezelina hakuwa mpole hata siku moja.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Nchi yetu ni ya milima na ukungu, na Rais wetu wa kwanza na wa pekee aliamua mapema kwamba utajiri wetu utakuwa mbao. Wataalamu wakaja na vitabu vyao, wakaeleza kwamba mti na mti lazima iachiane nafasi, wakaitaja nafasi hiyo kwa mita. Rais akauliza mita ni ya nani. Alipoambiwa kwamba ilitoka ng'ambo, alisimama palepale mbele ya wageni, akapiga hatua moja, akasema, "Hii ndiyo nafasi." Makofi yalidumu mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo miti yote ya nchi ikapandwa kwa hatua ya Rais. Kila mwaka, Siku ya Miti, alitembea juu ya zulia jekundu mbele ya mabalozi, nami nikamfuata nikitambaa na chaki na kamba. Niliweka alama kwenye kisigino, nikaweka nyingine mguu ulipotua, nikavuta kamba, kisha nikakata fimbo ya urefu huo. Fimbo zilizofanana nayo zilipelekwa mikoani, na miche ya mwaka ule ikapandwa kwa kipimo hicho. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilijua kupiga magoti bila kutoa sauti. Nilimfahamu Rais kwa miaka mingi, lakini kuanzia soksi kushuka chini.

"Baba Tuli," Ezelina aliniambia kila Siku ya Miti jioni, akinipokea suruali ya sare, "wenzako wanarudi kutoka kazini na vumbi la viatu. Wewe mwenzangu unarudi na vumbi la magoti."

"Ni vumbi la zulia," nilimjibu. "Halipatikani ovyo."

Nilisema hivyo kwa majivuno kabisa. Sikuwa natania.

*

Miaka ya mwanzo Rais alikuwa kijana mwenye afya, na mabalozi walikuwa wengi. Hakutembea, aliruka kama swala aliyeona moto. Fimbo zangu za miaka ile zilikuwa ndefu kama boriti. Misindano, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano, ikapandwa mbali mbali, kila mmoja na uwanja wake kama mkuu wa wilaya. Ilinenepa upesi, tukashangilia. Lakini mti usio na jirani hauna haraka ya kwenda juu, hutanua mikono. Matawi yalitokea chini kabisa yakawa manene kama mapaja, na tulipopasua mbao tukakuta kila tawi limeacha kifundo chake. Mbao zilipokauka, vifundo vikachomoka na kuanguka. Madarasa yaliyojengwa kwa mbao hizo yalikuwa na matundu mengi kiasi kwamba watoto waliokuwa nje walifundishwa sawa na waliokuwa ndani. Wizara ikauita huo mpango wa elimu kwa wote. Na kwa kuwa miti ile ilikua kwa pupa, mbao zake zilikuwa laini. Msumari uliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na ukatoka kwa kupigiwa kelele.

Baadaye Rais akapata kitambi na busara kidogo. Hatua yake ikawa ya mtu mzima anayekwenda dukani, na fimbo yangu ikawa kama mpini wa jembe refu. Misitu ya miaka hiyo ilikuwa mizuri mno. Miti ilikaribiana kiasi cha kunyooka, ikaachiana kiasi cha kunenepa, na matawi ya chini yalikufa yakiwa bado membamba. Ndiyo maana haikudumu. Kila kiongozi aliikata akajenga kwake.

Kisha miguu ya Rais ikaanza kuzeeka. Alizeeka kwa muda mrefu. Ilikuwa kazi aliyoifanya kwa bidii. Mwaka hadi mwaka hatua ikapungua, lakini hapakuwa na mtu wa kusema, kwa maana palikuwa na kosa la jinai lililoitwa ufupishaji, na kifungo chake kilikuwa kirefu. Mimi niliona, kwa kuwa chaki ilikuwa mkononi mwangu. Nikafikiri labda ni mikono yangu inayorefuka. Nilikwenda hata kupima sare kwa fundi cherehani, akaniambia mikono ni ileile.

Fimbo ikawa kama bakora. Bakora ikawa kama mwiko wa ugali. Miti ikapandwa kwa mwiko, ikasongamana kama watu kwenye foleni ya sukari. Kupunguza ilikuwa marufuku, kwa kuwa mti ukiondolewa ungeacha nafasi ya hatua mbili, na Rais hakuwa tena na hatua mbili. Kila mti ukanyoosha shingo kutafuta jua, ukawa mrefu na mwembamba, na majani machache kileleni kama ufagio wa kufagilia dari. Waziri wa Misitu na Mshikamano, Mheshimiwa Ndondole, alipoona idadi ya mashina imepanda mara nyingi kwenye shamba lilelile, aliwauliza waandishi wa habari, "Nchi gani imewahi kufanya hivi?" Waandishi walikubali kwamba haipo.

*

Kila mtumishi aliamriwa kupanda shamba la mfano nyuma ya nyumba yake. Sisi tulipanda mwaka wa bakora. Yaani Ezelina alipanda; mimi nilishika kamba. Msimu uliofuata akatia maharage katikati ya mistari. Miche ilipomfika kiunoni, maharage yakaanza kupauka kwa kukosa jua. Nikasafiri kikazi, niliporudi nikakuta shamba lina mwanga.

"Mama Tuli! Miti iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Na mingine?"

"Ilikuwa inakula jua la maharage yangu."

"Ile ni miti ya Taifa!"

"Basi Taifa lije liipike, tuone kama itaiva."

"Watanifunga mimi, si wewe."

"Gerezani kuna sakafu ya saruji," akasema, akiendelea kupepeta. "Utapiga magoti vizuri."

Siku ya ukaguzi Waziri Ndondole alikuja mwenyewe na msafara wake. Akasimama ukingoni mwa shamba, akaangalia nafasi zile kama mtu aliyeona mapengo kinywani mwa mkwe. Nilitokwa na jasho mpaka kwenye masikio. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia katika jambo lolote, ukaanza kusema wenyewe.

"Mheshimiwa, miti hii ilisongamana kama ilivyoagizwa. Lakini iliposikia kwamba huenda siku moja Mtukufu Rais akapita huku, mingine ilijiondoa, kwa heshima, ili kumpisha."

Jikoni nikamsikia Ezelina akikohoa kwa namna ya mtu aliyejiziba mdomo na khanga.

"Ilijiondoa?" Waziri akauliza.

"Yenyewe, Mheshimiwa."

"Bila kushurutishwa?"

"Kwa hiari."

Waziri akavua miwani akafuta macho. Wiki hiyohiyo kikasimikwa kibao cha chuma: MITI ILIYOMPISHA RAIS. MALI YA TAIFA. USIGUSE. Ezelina akakitumia kuanikia mihogo.

Miaka ikapita, naye akaendelea kung'oa mti hapa na pale kila maharage yalipolalamika. Matawi ya chini aliyavunja ya kuwashia moto. Kila mti uliopungua, mimi niliandika kwa wizara kwamba umestaafu. Iliyobaki ilisimama imenyooka, minene, mashina laini hayana kovu. Hatukujua kwamba tunafuga mbao nzuri za mwisho nchini. Yeye alijua maharage tu, na mimi nilijua barua.

*

Ezelina alipougua, tayari nchi ya mbao ilikuwa haina mbao. Wafu walizikwa katika masanduku ya fito zilizofungwa kwa kamba za katani.

"Usinizike kwenye kichanja cha vyombo," aliniambia. Alikuwa amelala upande, amepungua sana, lakini ulimi wake haukupungua hata robo. "Nimeona walivyomzika Mama Kilave. Mkono ulichomoza nje kama anaomba lifti."

"Utapona, Mama Tuli."

"Nimekuuliza habari ya kupona? Ule msindano ulio karibu na bomba. Huo ndio wangu. Mwezi uliopita niliukumbatia, mikono haikukutana."

"Ni wa serikali."

"Na mimi je, si wa serikali? Mbona hawaji kunipima homa?" Akanitazama. "Unizike ndani ya mti wangu. Niahidi."

Nikaahidi. Akasema, "Haya, sasa niletee maji, na usitambae, tembea."

Alifariki Jumanne. Nilikwenda kwa Yoramu Mahenge, seremala, tukakubaliana aje na msumeno wake Jumatano. Jumatano, kabla hajafika, redio ikapiga nyimbo za kwaya bila kutaja sababu, nasi wote tukajua. Rais naye alikuwa amekwenda.

Jioni likatoka tangazo. Msiba ulikuwa mmoja tu, wa Taifa. Mtu yeyote mwenye maiti yake angoje mpaka Rais azikwe kwanza, ili machozi ya nchi yasigawanyike. Ezelina akabaki katika chumba cha maiti cha hospitali ya misheni, naye maisha yake yote hakuwahi kupanga foleni akanyamaza.

*

Sheria ya Jeneza la Mkuu wa Nchi ilisema litengenezwe kwa mbao za nyumbani, ubao mzima usioungwa, urefu hatua tatu, upana hatua moja. Ilitungwa katika miaka ya mpini wa jembe, wakati hatua tatu zilimtosha mtu na mto wake. Kamati ikatoka kutafuta mti, nami nikachukuliwa pamoja na kamba yangu.

Tukaanza na msitu wa kwanza, wa miaka ya kuruka. Ubao uliopasuliwa ulikuwa na vifundo vingi, na viwili vikaanguka palepale miguuni mwa Waziri. Akaweka jicho kwenye tundu, akamwona katibu wake upande wa pili. "Hapana," akasema. "Mtukufu atachunguliwa."

Tukaenda msitu mkubwa wa miaka ya mwiko. Mashina yalikuwa kama fito, lakini Waziri akaamuru mmoja ukatwe. Ulikatwa mpaka ukaachana na kisiki chake. Haukuanguka. Wenzake walikuwa wameubana pande zote, ukabaki umesimama hewani, umekufa, ukitikisika kidogo. Wakakata wa pili, nao ukasimama. Wa tatu vilevile. Waziri akageukia kamera.

"Mmeona mshikamano? Hata akikatwa, haanguki!"

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, mikono ya mtumishi huanza kabla ya kuuliza.

Kisha mtu mmoja katika kamati, aliyesoma barua zangu zote kwa makini, ndiye pekee nchini aliyefanya hivyo, akasema, "Na ile miti iliyompisha Rais?"

Walifika kwangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, vichwa vimefungwa khanga. Dada yake Ezelina, Tabitha, alikuwa akimenya ndizi za waombolezaji. Waziri akanipa mkono.

"Pole kwa msiba, Mzee Tweve."

"Asante, Mheshimiwa. Alikuwa..."

"Alikuwa baba wa Taifa zima," akasema, akapita kwenda shambani.

Wakaamua kukata yote, kwa kuwa mafundi wa serikali huweza kukosea. Nilimfuata Waziri mpaka kwenye bomba.

"Mheshimiwa, naomba huu mmoja ubaki. Mke wangu alipanda. Nimemwahidi jeneza."

"Unashindana na marehemu?"

"Naye ni marehemu, Mheshimiwa."

"Huyo wako ni marehemu wa kawaida."

Tabitha akainuka na kisu chake cha ndizi. "Wa kawaida nani? Dada yangu? We baba, hiyo miti ungeijua wewe? Nyie si mlipanda mafagio!"

"Mama, huu ni wakati wa majonzi," Waziri akasema, akirudi nyuma hatua kadhaa, na hatua zenyewe zilikuwa ndefu.

"Kwa hiyo sisi hapa tunacheza ngoma?"

Miti ikaanguka yote, mmoja mmoja. Ilianguka kweli, ardhi ikatetemeka, vikombe vikalia jikoni. Ule wa karibu na bomba ulikuwa wa mwisho. Tabitha akanitazama mimi, si Waziri. "Shemeji, na kamba yako hiyo umeshikilia nini?" Nikaitazama. Nilikuwa nimeishikilia kweli.

*

Karakana ya serikali ilimwajiri Yoramu kwa siku hiyo, kwa kuwa mafundi wake walikuwa hawajawahi kuona ubao mpana na waliuogopa. Nilipofika alikuwa amepasua magogo yote. Akanionyesha kipande cha kichwa cha gogo la karibu na bomba, na duara zake za kila mwaka.

"Tazama zilivyokaa, Mzee. Za mwanzoni kule zilikuwa pana mpaka ubao unabonyea. Za siku hizi ni kama nyuzi, huwezi hata kuziona. Hizi zimefuatana kama mtu anayekula mlo wake kwa wakati."

Nilipitisha kidole. Kamati ikaingia.

"Mshika Kamba," Waziri akasema, "toa hatua."

Hapa msomaji aelewe kwamba mimi si shujaa. Shujaa angesema neno. Mimi ni mtumishi. Niliulizwa hatua, nikatoa hatua. Sheria inataka ya mwisho, nikafungua mfuko wa sare nikatoa fimbo ya Siku ya Miti iliyopita. Siku hiyo Rais alikuwa ameshikwa kwapa pande zote, na mguu wake ulisogea kiasi tu cha kunisumbua kuweka alama ya pili. Fimbo ilikuwa ndefu kuliko kalamu ya risasi, lakini si kwa mengi.

Yoramu akaipokea kwa vidole viwili. "Mzee, hii ni ya mwaka gani?"

"Mwaka huu."

"Hatua tatu za hii? Alale mtu au mkungu wa ndizi?"

"Sheria haikutaja mtu. Imetaja hatua."

Wote wakamtazama Waziri. Kabatini mwa karakana zilikuwamo fimbo za miaka yote, ndefu na fupi; angeweza kunyoosha mkono. Lakini kuchagua ya zamani kungekuwa kusema kwamba ya zamani ilikuwa ndefu zaidi. Mle ndani walikuwamo watu watatu waliokitaka cheo chake, na wote walikuwa wamefungua masikio.

"Hatua ya Rais," akasema hatimaye, "haijawahi kubadilika. Kateni."

Yoramu akakata. Lilikuwa sanduku zuri, lenye kona safi na msasa wa kutosha, na lingekaa vizuri juu ya meza ya chai.

"Na mbao zilizobaki?" nikauliza.

"Zipi?" akasema Waziri, akizikwepa kwa macho. Zilikuwa rundo la kufika kifuani. Kama jeneza lilikuwa sahihi, basi rundo lile halikuwepo. "Sioni kilichobaki."

"Hata mimi sioni, Mheshimiwa," nikasema. "Naomba ruhusa nivichukue visivyoonekana."

"Ondoka navyo."

Yoramu akafumba mdomo kwa nguvu mpaka shavu likavimba.

*

Rais alizikwa Jumamosi. Sanduku lilibebwa na majenerali wanane, na kwa kuwa nafasi haikutosha, kila mmoja alipata pa kuweka vidole viwili. Watu wa kandokando ya barabara walidhani ni redio ya Ikulu inatangulia. Mtangazaji akasema kwamba katika kifo pia kiongozi wetu alichagua unyenyekevu. Mwili wenyewe, nilisikia baadaye, ulikuwa umetangulizwa kaburini ndani ya bendera na mkeka, kama wa mtu yeyote. Ndani ya sanduku waliweka viatu vyake. Vilienea humo sawasawa. Nilivitambua nilipoletwa kuthibitisha. Hakuna mtu aliyevijua kuliko mimi, na nitasema ukweli, nililia kidogo. Mtu hawezi kutambaa nyuma ya viatu maisha yake yote asivizoee.

Jumapili ikawa zamu yetu. Yoramu alikuwa amefanya kazi Jumamosi nzima huku redio ikilia. Jeneza la Ezelina lilikuwa la ubao mzima kila upande, halina kiungo wala tundu, bado bichi kidogo, lina harufu ya utomvu. Vijana wa ukoo wakajipanga, wakalishika kama walivyozoea kushika masanduku ya fito, kwa mkono mmoja. Halikuinuka.

"Mama mdogo alikuwa mwembamba," mmoja akanong'ona. "Uzito huu ni wa nini?"

"Ni mbao," Yoramu akasema.

"Mbao ndiyo ina uzito hivi?"

Wakaweka mikono yote, wakainua. Makaburi yako juu ya kilima, na njia ilikuwa na utelezi. Walipokezana kila baada ya mwendo mfupi, wakihema, wakitukanana kwa sauti ya chini kama watu wanaobeba kitu cha thamani. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa mbele, kulia. Kijana akaja kunipokea, nikakataa. Akaja mwingine.

"Shemeji, pisha wenye nguvu," Tabitha akasema nyuma yangu. "Utaanguka na dada yangu."

"Sianguki."

"Magoti hayo?"

"Leo yanatembea," nikasema.

Nilimsikia Tabitha akipanda nyuma yetu, kisha nikahisi mkono wake ukishika ubao pembeni ya wangu, akasukuma. Hivyo tukamfikisha.

Bega langu la kulia lilivimba, likabadilika rangi, likanikatalia kuvaa shati kwa siku nyingi. Nilitamani lisipone upesi. Maumivu yalipoanza kuniachia ndipo nilipoogopa kusahau, nikatafuta karatasi niandike haya.